Dḥl katika Danieli: nani anaogopa, nani anaogopwa

Swali la msomaji: Mwalimu, ninasoma Kiaramu cha kitabu cha Danieli nikiwa na Kiebrania kidogo. Kamusi inaniambia kwamba mzizi דחל (dḥl) maana yake ni "kuogopa". Lakini katika 2:31 ile sanamu kubwa ndiyo yenye neno hilo, na sanamu haiogopi kitu. Katika 4:5 mtendaji ni ndoto. Kisha katika 6:26 watu wanaamriwa kumwogopa Mungu wa Danieli. Je, hiki ni kitenzi kimoja au vitatu? Na hapo 6:26 nitafsiri "kuogopa" au "kucha"? Mwenzangu anayejua Kiarabu ananiambia mzizi huu ni ule wa dakhala, yaani "kuingia". Ni kweli?

Jibu:

Ni kitenzi kimoja, ndugu yangu, na maana yake ya msingi haibadiliki katika sehemu zote tatu. Kinachobadilika ni umbo, na umbo ndilo linaloonyesha hofu iko upande gani: kwa mtendaji, kwa anayetendwa, au kwa yule anayewatia wengine hofu. Mwenzako amekosea, lakini kosa lake lina sababu ya kueleweka, na inafaa uijue ili isikunase na wewe.

Kwanza ujue ukubwa wa shamba lenyewe. Kiaramu cha Biblia ni kifupi: Danieli 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7, sehemu za Ezra (4:8 hadi 6:18, na 7:12–26), aya moja ya Yeremia (10:11), na maneno mawili katika Mwanzo 31:47. Ndani ya maandishi hayo yote kitenzi dḥl kinatokea mara 6 tu, na zote zimo katika Danieli: 2:31, 4:5, 5:19, 6:26, 7:7 na 7:19. Unaweza kuzimaliza zote kwa jioni moja. Angalia nambari za aya, kwa sababu Biblia zetu za Kiswahili hazilingani na matini ya Kiaramu katika sura ya 4 na ya 6. Aya tunayoiita 4:5 katika Kiaramu ni 4:2, na 6:26 yetu ni 6:27 yao. Ukikosa neno katika matini, shuka au panda kwa tofauti hiyo kabla ya kuilaumu kamusi. Mimi hapa nitafuata nambari za Kiswahili.

Sasa umbo la msingi, ambalo wanasarufi wa Kiaramu huliita Peali. Vitenzi vya Kiaramu katika Peali vina makundi mawili makubwa. Vingi vya kutenda, kama qṭl "kuua" au ktb "kuandika", vina irabu a katika hali timilifu, yaani umbo la tendo lililokamilika. Vile vya hali, yaani vinavyosema mtu yukoje kuliko anafanya nini, mara nyingi vina irabu e au i katika hali timilifu, na a katika hali isiyo timilifu. Dḥl ni wa kundi hili la pili, pamoja na vitenzi kama dmk "kulala usingizi". Kisiria, yaani Kiaramu cha Wakristo wa Edessa na majirani zao, kinaonyesha jambo hili waziwazi: dḥel "aliogopa", nedḥal "ataogopa". Targumu ya Onkelosi, tafsiri ya Kiaramu ya vitabu vya Musa, inaonyesha irabu hiyo hiyo pale Adamu anaposema aliogopa kwa kuwa alikuwa uchi (Mwanzo 3:10): imeandikwa ודחילית, na ile yodi (herufi y) iliyo katikati ni alama ya sauti e.

Kwa nini jambo hili lina uzito kwako? Kwa sababu linakuzuia kuiona hofu ya Kiaramu kama tendo la ghafla peke yake. Kitenzi cha hali huweza kusema "alishikwa na hofu", na huweza pia kusema "yumo katika hofu, ndivyo aishivyo". Hofu ya kushtuka na kicho cha maisha vyote vinatoka hapo bila kubadilisha mzizi. Sisi tuna maneno tofauti, kuogopa, kuhofu na kucha, kwa hiyo tunapotafsiri tunalazimika kuchagua. Mwaramu hakulazimika.

Danieli 2:31 sasa. Danieli anamweleza mfalme kuhusu ile sanamu: wĕ-rēwēh dĕḥīl, "na sura yake ilikuwa dĕḥīl". Hili ni umbo la kitenzi linalofanya kazi ya sifa, nami nitaliita partisipo. Kiaramu kina partisipo mbili za Peali: ya kutenda, dāḥēl, "anayeogopa", na ya kutendwa, dĕḥīl, "anayeogopwa". Itazame irabu. Ā ndefu baada ya konsonanti ya kwanza ni ya kutenda. Ī ndefu baada ya konsonanti ya pili ni ya kutendwa. Kwa hiyo sanamu haiogopi, inaogopwa. Kinachoogopwa kwa kawaida yake ni cha kutisha, na ndiyo maana "ya kutisha" ni tafsiri nzuri. Lakini usiandike katika daftari lako kwamba dĕḥīl ni neno la kutendesha lenye maana ya "kutisha", kwa kuwa ukifanya hivyo utachanganyikiwa ukifika sura ya 4, ambako kutendesha kwenyewe kupo.

Mnyama wa nne katika 7:7 ana umbo hilo hilo, ila kwa jinsia ya kike, kwa sababu ḥēwā "mnyama" ni neno la kike: dĕḥīlā wĕ-ʾēmtānī wĕ-taqqīpā yattīrā, "wa kutisha, wa kuogofya, mwenye nguvu mno". Katika 7:19 Danieli anaporudi kumuulizia mnyama huyo, anasema dĕḥīlā yattīrā, "wa kutisha mno". Hapa pana mtego mdogo kwa mwanafunzi. Mwisho wa -ā katika Kiaramu una kazi mbili: huonyesha jinsia ya kike isiyo bainishi, na huonyesha pia neno la kiume lililo bainishi, kama malkā "yule mfalme". Ukikutana na dĕḥīlā, mtafute kwanza mwenye sifa hiyo. Ni wa kike au wa kiume? Umbo peke yake halitakuambia.

Aya yenye sarufi nyingi kuliko zote ni 4:5. Nebukadreza anasema: ḥēlem ḥăzēt wīdaḥălinnanī. Neno la mwisho linaonekana gumu, lakini hukatika vizuri vipande vinne. Wī- ni muungano wa wĕ- "na" pamoja na kiambishi yĕ- cha nafsi ya tatu. Vikikutana hutoa ī ndefu. -daḥăl- ni shina. -inna- ni silabi ya ziada ambayo Kiaramu hupenda kuiingiza kati ya kitenzi cha hali isiyo timilifu na kiambishi cha mtendwa. -nī ni "mimi". Mtendaji ni ḥēlem, "ndoto". Kwa hiyo: "niliona ndoto, ikanitia hofu".

Shina hili si Peali tena, ni Paeli, mnyambuliko ambao kwa kawaida hurudufu konsonanti ya pili. Qṭl katika Paeli huwa qaṭṭēl. Ungetarajia basi daḥḥēl, na Kisiria kinayo sawasawa hivyo. Lakini katika mfumo wa irabu wa Waebrania, ambao ndio uliowekwa juu ya matini ya Danieli, herufi ḥeti, yaani ḥ, haipokei ile nukta ya kurudufisha. Wanafunzi huitafuta nukta, hawaioni, wakahitimisha kwamba ni Peali. Alama ya kuamulia ni irabu. Katika Paeli kiambishi kina irabu hafifu (yĕ-) na konsonanti ya kwanza ya mzizi inafuatwa na a fupi: yĕ-da-ḥăl. Peali ingeweka irabu kamili kwenye kiambishi na kuiacha d bila irabu: yid-ḥal. Na maana nayo inakataa, kwa kuwa Peali hapo ingetoa "ndoto ikaniogopa".

Kiswahili kinafanya jambo hili kwa njia iliyo karibu sana: -ogopa, -ogopwa, -ogofya. Peali ya kutenda, Peali ya kutendwa, Paeli. Ukiyashika maumbo hayo matatu ya Kiswahili kichwani, aya zote 6 zitajipanga zenyewe.

Kabla hatujaiacha 4:5, tazama wakati wa kitenzi. Ḥăzēt "niliona" ni hali timilifu, lakini wīdaḥălinnanī ni hali isiyo timilifu, ilhali habari yote imeshapita. Mwenye Kiebrania atasema mara moja kwamba hii ni ile waw (kiunganishi "na") ya Kiebrania inayogeuza wakati wa kitenzi. Siyo. Kiaramu cha Danieli hakina waw ya namna hiyo. Hali isiyo timilifu hapa inaeleza jambo lililokuwa likiendelea ndani ya wakati uliopita: ndoto ilionwa, na hofu ikawa inamsumbua. Kitenzi kingine cha aya hiyo hiyo kinathibitisha: yĕbahălunnanī, "yakawa yananifadhaisha", kutoka mzizi bhl, nacho ni Paeli na hakigeuzwi na waw yoyote. Linganisha pia viungo vyao, -inna- kwa mtendaji mmoja (ndoto) na -unna- kwa watendaji wengi (mawazo na maono ya kichwa chake). Tofauti ya irabu moja inakuonyesha nani anatenda.

Usiwachanganye bhl na dḥl. Bhl ni kufadhaika, damu kuchemka, mtu kupoteza utulivu. Ndicho kitenzi kinachomwandama mfalme Belshaza katika sura ya 5 anapouona mkono ukutani, na ndicho kinachompata Danieli mwenyewe mwishoni mwa sura ya 7. Dḥl kina mahali pa kuelekea: kuna kitu au mtu anayeogopwa. Mtu aweza kuwa na bhl bila kujua anachokiogopa.

Tufike kwenye swali lako zito, 6:26. Dario anaandika kwamba katika milki yake yote watu lehĕwōn zāʾăʿīn wĕ-dāḥălīn min-qŏdām ʾĕlāhēh dī-dāniyyēl. Neno kwa neno: "wawe wakitetemeka na kuogopa kutoka mbele ya Mungu wake Danieli". Dāḥălīn ni partisipo ya kutenda, wingi wa kiume. Lehĕwōn ni "wawe", kutoka kitenzi hwy "kuwa". Ile l ya mwanzo si kihusishi. Katika Danieli na Ezra nafsi ya tatu ya kitenzi hiki huchukua l- mahali pa y-, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba waandishi waliepuka umbo linalofanana na Jina la Mungu kwa maandishi. "Kuwa" pamoja na partisipo hutoa jambo la kudumu, sawa na Kiswahili "wawe wakiogopa", ambayo si sawa na "waogope" tu. Dario haagizi mshtuko wa siku moja. Anaweka hali itakayoendelea.

Sasa rudi nyuma sura moja. Katika 5:19 Danieli anamkumbusha Belshaza ukuu wa Nebukadreza: mataifa yote hăwō zāʾăʿīn wĕ-dāḥălīn min-qŏdāmōhī, "walikuwa wakitetemeka na kuogopa mbele yake". Partisipo ni zile zile mbili, kwa mpangilio ule ule, na kihusishi ni kile kile. Kilichobadilika ni wakati wa "kuwa" na yule anayeogopwa. (Katika 5:19 na 6:26 utaona matini imeandika zāʾăʿīn na pembeni imeelekeza isomwe zāyĕʿīn. Ni tofauti ya tahajia, maana haiguswi.) Maneno yaliyotumika kwa mfalme aliyeua aliyemtaka na kumwacha hai aliyemtaka, sasa yanahamishiwa kwa Mungu wa mfungwa aliyetoka katika tundu la simba. Ni vigumu kuamini kwamba hilo limetokea kwa bahati.

Kwa sababu hiyo mimi ningeandika "kuogopa" katika 6:26, na ningeandika "kuogopa" katika 5:19. Ukiandika "wamche Mungu wa Danieli" katika 6:26, umechagua neno zuri la Kiswahili la ibada, lakini umekata uzi unaoziunganisha sura hizo mbili, na msomaji wako hatawahi kujua kwamba ulikuwapo. Kama kanisa lenu linapendelea "kucha" katika habari za Mungu, basi tafuta jozi moja inayoweza kusimama kwa mfalme na kwa Mungu pia, uitumie pote pawili.

Lakini hilo ni kwa Danieli. Katika Targumu na katika Kisiria kuna sehemu nyingi ambako "kucha" ndilo neno lenyewe. Onkelosi anapofikia amri ya mtu kuwaheshimu mama na baba katika Walawi 19:3, anaandika gĕbar min ʾimmēh ū-min ʾăbūhī tĕhōn dāḥălīn, "kila mtu, mama yake na baba yake muwe mkiwacha". Muundo ni "kuwa" na partisipo, kama wa Dario. Hapo hakuna anayetetemeka. Katika Mwanzo 22:12 Ibrahimu anaambiwa kwamba sasa imejulikana yeye ni daḥlā da-Yy, "mcha Bwana". Na Peshita, Biblia ya Kisiria, inapomweleza Kornelio katika Matendo 10:2 inasema dāḥel (h)wā men ʾalāhā, "alikuwa akimcha Mungu".

Utasikia watu wakisema kwamba kihusishi min (Kisiria men) ndicho kinachoonyesha hofu ya kuogopa adhabu, na kwamba bila min ni kicho. Kanuni hiyo haisimami. Mifano ya hapo juu, wazazi wa Walawi na Kornelio, yote ina min. Mathayo 10:28 katika Peshita inaimaliza kabisa: lā tedḥlun men ʾaylēn d-qāṭlin pagrā, "msiwaogope wauao mwili", kisha papo hapo dḥalw dēn yattīrāʾīt men man d-, "bali mwogopeni zaidi yule" awezaye kuangamiza nafsi pia. Min ni kwa wauaji na min ni kwa Mungu, ndani ya aya moja. Na kwa upande mwingine Onkelosi katika Kumbukumbu la Torati 6:13 anamweka Mungu kama mtendwa wa moja kwa moja, kwa alama yat, bila min. Kihusishi kinafuata desturi ya mfasiri na wakati wake. Cha kupima ni muktadha: je, sentensi inaeleza tukio lililomshtua mtu, au inaeleza mwenendo wake? Tukio, andika kuogopa. Mwenendo, fikiria kucha.

Nomino inakwenda mbali zaidi. Kwa Kisiria deḥltā ni "hofu", kama katika 1 Yohana 4:18, deḥltā b-ḥubbā layt, "hofu haimo katika upendo". Lakini deḥltā ni pia "dini, ibada", na hata "kitu kinachoabudiwa". Paulo akiwa Athene (Matendo 17:22–23) anawaambia wenyeji kwamba wamezidi katika deḥlat šēʾdē, ibada ya mapepo, na kwamba alikuwa akipita akitazama bēt deḥlatkon, nyumba ya ibada yenu. Ukitafsiri "nyumba ya hofu yenu" umefuata kamusi na kuipoteza sentensi. Onkelosi naye, Labani anapolalamika kwamba miungu yake imeibwa (Mwanzo 31:30), anamtia kinywani neno daḥaltī, "hicho ninachokicha". Kwa njia hiyo mfasiri amekwepa kuviita vinyago vya Labani "Mungu".

Sasa Kiarabu. Mwenzako ameona d, ameona ḥeti, ameona l, akakumbuka dakhala. Ndiyo dakhala iliyotupa sisi neno "udahili" la vyuoni. Na ni kweli kwamba Kiaramu huandika kwa ḥeti sauti mbili ambazo Kiarabu huzitenga, ḥ na kh: khamr ya Kiarabu, "mvinyo", ni ḥamrā katika Danieli 5:1. Kwa upande wa herufi ya pili, basi, hoja yake ingeweza kupita. Inaangukia kwenye herufi ya kwanza.

Sauti dh ya Kisemiti cha kale ilibaki dh katika Kiarabu, ikawa z katika Kiebrania, na d katika Kiaramu. Mswahili anaweza kulithibitisha hilo kwa maneno ya nyumbani. Dhahabu yetu, kutoka Kiarabu, ni zāhāb kwa Kiebrania na dĕhab kwa Kiaramu. Dhiraa, kile kipimo cha mkono, ni zĕrōaʿ kwa Kiebrania na dĕrāʿ kwa Kiaramu. Zote mbili zimo katika aya moja, Danieli 2:32, mistari michache tu baada ya dĕḥīl yako: kichwa cha sanamu ni cha dĕhab, na kifua na mikono (dĕrāʿōhī) ni vya fedha. Dhabihu nayo ni zebaḥ na dĕbaḥ. Kwa hiyo d ya Kiaramu inaweza kuwa imetoka kwa d ya kale au kwa dh ya kale, na lazima tuulize ipi.

Jibu limechongwa kwenye jiwe. Zakuri, mfalme wa Hamathi na Luashi huko Siria, alisimamisha nguzo ya kumbukumbu karibu na mwaka 800 kabla ya Kristo; vipande vyake viligunduliwa Tell Afis mwaka 1903 na Henri Pognon, na sasa viko Louvre. Anasimulia jinsi Bar-Hadadi mwana wa Hazaeli alivyomzingira na wafalme wengine mjini Hazraki, naye akamwomba mungu wake Baal-Shamaini, na jibu likawa: ʾl tzḥl ky ʾnh hmlktk, "usiogope, kwa maana mimi nimekutawaza". Angalia: t-z-ḥ-l, kwa z. Waaramu wa kale walipoazima alfabeti ya Wafoinike hawakuikuta herufi ya dh, wakaiandika kwa z. Baadaye sauti yenyewe ilipogeuka d, maandishi yakafuata, na tangu hapo ni dḥl. D ya asili haikuandikwa kwa z. Kwa hiyo mzizi huu ulianza na dh, nao hauwezi kuwa dakhala, iliyo na d. Neno la Kiarabu ambalo huwekwa jirani nalo ni dhaḥl, "kisasi, chuki ya damu". Tena "kuingia" kwa Kiaramu cha Danieli kuna mzizi wake, ʿll: Danieli ʿal, aliingia, kwa mfalme katika 2:16.

Kiebrania nacho kina chembe ya mzizi huu. Katika Ayubu 32:6 Elihu anasema zāḥaltī wā-ʾīrā, "niliogopa, nikahofu", kwa z kama kanuni inavyotaka. Usiichanganye na zḥl nyingine ya Kiebrania, "kutambaa", inayotajwa kwa nyoka wa mavumbini katika Kumbukumbu la Torati 32:24.

Jiwe la Zakuri linatufundisha pia namna ya kukataza. Kiaramu cha zamani kilitumia ʾal, na Danieli bado anayo, pamoja na umbo fupi la kitenzi lisilo na ile silabi ya ziada: ʾal-yĕbahălūk, "yasikufadhaishe" (5:10). Ilinganishe na yĕbahălunnanī ya 4:5, uone jinsi -nna- ilivyoondoka. Baadaye ʾal ilififia na lā ikachukua kazi yote. Katika Kisiria "usiogope" hutofautiana kwa msikilizaji, na hapa Kiswahili kinaficha mambo, kwa kuwa sisi tuna "usiogope" na "msiogope" tu. Zakaria anaambiwa lā tedḥal (Luka 1:13). Mariamu anaambiwa lā tedḥlīn (Luka 1:30). Wachungaji wanaambiwa lā tedḥlun (Luka 2:10). Wanawake kaburini wanaambiwa lā tedḥlān (Mathayo 28:5). Ukisoma Peshita, mwisho wa kitenzi unakuambia malaika anaongea na nani hata kabla jina halijatajwa.

Kuhusu matamshi, d inayofuata irabu hulainika ikawa dh kama ya "dhahabu", kwa hiyo tedḥal husomwa tedh-ḥal, na wĕ-dāḥălīn husomwa wĕ-dhāḥălīn. Ikianza neno baada ya kituo hubaki d. Ḥ ni ile ح ya Kiarabu, ya kooni, si h nyepesi wala kh.

Mtego mmoja umebaki, na utakukuta siku utakapotoka Danieli na kuingia Targumu au Talmudi zisizo na alama za irabu. Utaona דחיל na utasema, "hii naijua, ni dĕḥīl, anayeogopwa". Subiri. Katika maandishi hayo yodi huwekwa pia kwa sauti ē, kwa hiyo herufi hizo hizo zinaweza kuwa dāḥēl, "anayeogopa". Onkelosi katika Mwanzo 31:42, anapofafanua maneno "Hofu ya Isaka", anaandika ודדחיל ליה יצחק. Isaka ni nani hapo, mwogopaji au mwogopwaji? Tafuta mtendaji baada ya kitenzi, Isaka, na tafuta kiungo cha mtendwa, lēh, "yeye". Vyote viwili vipo, basi kitenzi ni cha kutenda: "na Yeye ambaye Isaka humcha". Kama kungekuwa na nomino moja tu yenye kusifiwa, bila lēh na bila min, ungerudi kwenye dĕḥīl.

Kwa daftari lako, basi, aya 6 za Danieli ningezitafsiri hivi. 2:31, "na sura yake ilikuwa ya kutisha". 4:5, "niliona ndoto, ikanitia hofu". 5:19, "walikuwa wakitetemeka na kuogopa mbele yake". 6:26, "wawe wakitetemeka na kuogopa mbele ya Mungu wa Danieli". 7:7, "mnyama wa nne, wa kutisha, wa kuogofya, mwenye nguvu mno". 7:19, "wa kutisha mno". Katika 7:7 nimeiachia ʾēmtānī neno "wa kuogofya" kwa sababu mzizi wake ni mwingine, ule wa ʾēmā ya Kiebrania, "kitisho", na aya inapoweka maneno mawili ya hofu kando kwa kando, tafsiri nayo iweke mawili.